Ombi la Kumwondoa Mwajabu Redioni

Jina la nchi yetu nitaliweka pembeni, mnisamehe. Kuna waraka unaokataza kuliandika kwenye karatasi moja na neno "ugonjwa", na mimi ni karani wa masjala, nyaraka nazisoma zote, hata zile ambazo walioziandika hawakuzisoma. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera na wimbo, na mwaka huo ninaousimulia haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na Hali. Nchi za jirani zilikuwa na ugonjwa, watu wakikohoa na kufa ovyo ovyo, lakini sisi tulikuwa na Hali tu, na mtu aliyepatwa na Hali hakufa, alipumzika. Siku nyingine waliopumzika walikuwa wengi mpaka wachimba makaburi wakaomba nao wapumzike kidogo, kwa maana ile ya zamani.

Kwa sababu ya Hali, watoto waliambiwa wasiende shule. Sasa Afisa Elimu wa wilaya yetu, Mheshimiwa Kwilasa, alikuwa mtu wa hiari. Alituita watumishi wote ukumbini, akasimama nyuma ya maua ya plastiki, akasema, "Ndugu zangu, wilaya nyingine zinawaamrisha wazazi. Sisi tutawachagulisha. Mzazi aliyechagua mwenyewe hana wa kumlaumu. Nataka njia nne za mtoto kusoma akiwa katika Hali, na nazitaka kabla ya chai."

Tukazipata kabla ya chai. Msituone wazembe.

Njia ya Kwanza ilikuwa mtandao. Umeme wilayani kwetu ulikuwa unakuja Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo masomo yakapangwa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi ili yasigongane na shughuli nyingine. Njia ya Pili ilikuwa redio. Njia ya Tatu ilikuwa karatasi: mtoto angechukua masomo yaliyochapwa pale shuleni kwake, baada ya kuonyesha kibali, na kibali kilitolewa ndani ya shule, ambayo ilikuwa imefungwa. Njia ya Nne ilikuwa ana kwa ana. Ili watoto wasiambukizane Hali, kila siku angeingia darasani mtoto mmoja na mwalimu mmoja. Shule ya Msingi Ushindi ilikuwa na watoto elfu moja mia moja na wanne. Nilipiga hesabu mwenyewe, nikairudia mara mbili: mtoto angesoma siku moja, kisha angerudi baada ya miaka mitano na nusu hivi, akiwa na ndevu.

Fomu ilikuwa ya kijani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba uchaguzi ukishafanywa haufutwi, ila unaweza kuhamishwa kwenda njia nyingine kati ya hizo nne. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Wakati ule niliiona nzuri.

Siku ya kwanza ya kuchukua fomu alikuja mama mmoja wa Mtaa wa Kichangani, Bi. Havijawa, fundi cherehani. Ndiye aliyekuwa akishona sare za shule, zile sketi za bluu zenye marinda, na shule zilipofungwa akahamia kushona barakoa. Kufa kufaana, watu walimtania, lakini barakoa alizigawa nusu yake bure. Alikuja na binti yake, Mwajabu, wa darasa la nne pale Ushindi. Mtoto huyo ndiye aliyeisoma fomu kwa sauti, mstari kwa mstari, mama yake akimsikiliza kama mtu anayesikiliza taarabu, ingawa naye kusoma alikuwa anajua.

Walipofika Njia ya Pili, Mwajabu akaniuliza, "Karani, nikinyoosha kidole, mwalimu wa redioni ataniona?"

Nikamwambia ofisi italifanyia kazi. Nililiandika kwenye daftari la maoni ya wananchi, namba moja. Mama yake akacheka, akasema redio wanayo na betri si shida, akatia saini. Jina la mtoto: Mwajabu Kilindo. Umri: miaka kumi. Njia iliyochaguliwa: redio.

Sasa mjue kwamba Mheshimiwa Kwilasa hakutaka redio ya kusikiliza tu. Alitaka mahudhurio. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza, mwalimu wa darasa la nne, Mwalimu Benedikta, aliingia studio na daftari lake, na saa mbili kamili asubuhi akaanza kuita majina. Akiita jina, ananyamaza kadiri ya kuhesabu moja mpaka tatu, na kule nyumbani mtoto anasimama mbele ya redio, anajibu "Nipo, mwalimu," na mzazi anashuhudia. Kisha mwalimu anasema, "Vizuri, keti." Majina thelathini na nane. Alikuwa na sauti ya upole, na ile "keti" yake aliivuta kidogo, utadhani anamwona mtoto.

Mheshimiwa alifurahi mno. Akaagiza kuita kule kurekodiwe na kupigwa kila asubuhi. "Majina hayabadiliki," alisema. "Tumchoshe mwalimu kwa nini?" Na mimi nikaagizwa niandike mahudhurio kufuatana na rekodi. Rekodi haikuwahi kuonyesha mtoto ambaye hakuambiwa "vizuri, keti". Nikaandika thelathini na nane kwa thelathini na nane Jumatatu, Jumanne, wiki nzima, mwezi mzima. Mkoa wakatuandikia barua ya pongezi, ikabandikwa mlangoni.

Wiki ya tano Mwalimu Benedikta alipumzika. Rekodi haikupumzika, kwa hiyo kazi haikusimama.

Wiki ya saba, Alhamisi, Mwajabu alishikwa na homa. Ijumaa jioni mama yake alimpeleka hospitali kwa bodaboda, amemfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia. Hospitali wakamwambia mitungi ya hewa iko njiani. Jumamosi asubuhi mitungi ilikuwa bado iko njiani. Walimzika Jumapili, watu sita tu, kama mwongozo ulivyoelekeza, na cheti kikaandikwa: sababu ya kupumzika, kawaida.

Na Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mwalimu Benedikta aliita Mwajabu Kilindo. Akasubiri. Akasema vizuri, keti. Marehemu alimwita marehemu, nami ofisini nikaandika thelathini na nane. Sikujua, jamani. Ningejua, pia ningeandika.

*

Jumatano Bi. Havijawa alikuja masjala. Alikaa kwenye benchi, akasubiri waliomtangulia, kisha akanisogelea dirishani na cheti mkononi.

"Karani, naomba jina la mwanangu litolewe redioni."

Nikampa pole. Ilinitoka moyoni, mtoto yule nilikuwa namkumbuka. Akaendelea, kwa sauti ya chini, "Nikizima redio yangu haisaidii. Kichangani nzima tulichagua redio. Nikizima kwangu, namsikia anaitwa kwa jirani. Nikienda kisimani, namsikia anaitwa dukani. Asubuhi yote natafuta pa kujificha."

Nikachukua fomu ya mabadiliko. Ilikuwa na sehemu ya sababu, na sababu zilikuwa tatu: kuhama njia, kuhama wilaya, kuharibikiwa redio. Nilitafuta nyuma ya karatasi labda kuna ya nne. Hapakuwa na kitu. Basi nikampeleka kwa Mheshimiwa mwenyewe, jambo ambalo karani hafanyi kwa kila mtu.

Mheshimiwa Kwilasa alisimama kumpokea, akampa pole ndefu yenye aya ya dini. Kisha akakaa.

"Mama," alisema, "serikali hii haimwondoi mtoto masomoni kwa sababu ya msiba. Mtoto ana haki ya elimu. Tukianza kuwafuta watoto kila wanapopatwa na jambo, tutabaki na nani?"

"Mheshimiwa, mwanangu nimemzika."

"Nakuelewa kabisa. Ila jiweke na wewe kwenye kiti changu. Nikimtoa, mahudhurio yatakuwa thelathini na saba. Mkoa wataniuliza, wa thelathini na nane yuko wapi? Niseme amekufa? Watauliza, kwa ugonjwa gani, na ugonjwa hatuna. Unaniona nilivyobanwa?" Akafungua fomu yake ya kijani, akaitazama kwa huruma. "Nakushauri uhamie Njia ya Nne. Ile haina papara, na jina lake halitaitwa redioni. Zamu yake itakuwa..." Akanigeukia.

"Mwaka wa tatu, Mheshimiwa, mwezi wa pili," nilisema.

"Unaona? Mambo mengi yanaweza kutokea."

Bi. Havijawa alikuwa na sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, alisahau kuitoa tangu kazini. Akasema hapana, yeye hahamishi, yeye anaomba jina litolewe tu. Mheshimiwa akamwambia basi aandike barua, subira yavuta heri. Akaiandika pale pale kwenye benchi langu. Barua ya mistari minne. Nikaifungulia faili jipya na kuliita Ombi la Kumwondoa Mwajabu Redioni.

Naomba niseme hapa, kwa sababu watu wameshaanza kunitazama vibaya, kwamba faili lile nililisukuma. Makarani wengine faili wanalilalia. Mimi nililibeba kwa mikono yangu kutoka meza hadi meza. Lilikwenda Taaluma, wakasema ni la Takwimu. Takwimu wakasema wao mtoto wanamwona yupo. Mwanasheria akauliza kama aliyepumzika amepewa nafasi ya kusikilizwa. Ikaundwa kamati, ikakaa mara sita, ikala sambusa, na mara ya sita ikapendekeza iundwe kamati ndogo.

Wiki tisa Bi. Havijawa alikuja kila Jumatano. Anakaa benchi lile lile, ananiuliza, "Limefika wapi?" Namwambia lilipofika. Anashukuru, anaondoka. Katikati ya hapo ofisi ilitoa Hati za Mahudhurio Bora kwa watoto ambao hawakukosa hata siku moja, na ya Mwajabu nayo ikachapwa. Nilitaka kuizuia, lakini mjumbe wa mtaa alikuwa ameshaichukua na nyingine zote. Nikasikia alimkabidhi mama yake mlangoni, akapiga makofi peke yake, kisha akakumbuka, akakimbia.

Wiki ya kumi mama hakuja. Wala ya kumi na moja. Nikajua amekata tamaa na sisi. Ilinisononesha, nasema kweli, na hapo ndipo nikaapa kwamba faili lile litafika mwisho hata kama mwenyewe haji tena kuliuliza. Nilimfanyia kama ndugu yangu.

*

Mwezi wa saba tangu nilifungue faili lile, Wizara ikatangaza Wiki ya Kuwasikiliza Wananchi. Kila wilaya ilitakiwa kuonyesha ombi moja la mwananchi lililotekelezwa. Mheshimiwa Kwilasa alitugeuzia ofisi juu chini kutafuta ombi lililotekelezwa, na hatukulipata. Akaniita. "Karani, huna hata moja ambalo liko karibu?"

Nililiweka mezani kwake kabla hajamaliza kusema. Suala la mahudhurio lilitatuliwa kwa dakika moja: ilikubaliwa darasa la nne liwe na watoto thelathini na saba tangu mwanzo. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Sherehe ilifanyika studio. Palikuwa na turubai, kwaya na wapiga picha. Mheshimiwa alihutubia nusu saa kuhusu serikali sikivu, kisha fundi mitambo, kijana aitwaye Sadala, akafungua rekodi, akalitafuta jina la Mwajabu Kilindo, akalikata pamoja na ile "vizuri, keti" yake. Tukapiga makofi. Mheshimiwa akauliza kama limetoka kabisa.

"Limetoka, Mheshimiwa. Na nakala zote nimefuta. Barua ilisema lisibaki popote."

"Hiyo ndiyo kazi," alisema Mheshimiwa, na mimi nilijisikia kulia kwa furaha. Miezi saba, na nimelifikisha.

Nilipewa kazi ya kumpelekea mama taarifa, pamoja na Fomu ya Kuridhika, ambayo mwananchi aliyesikilizwa husaini ili Wizara ijue ameridhika. Nikapanga mwenyewe nifike kwake asubuhi, kabla ya saa mbili. Nilitaka asikie kwa masikio yake. Nilimwazia uso wake utakavyokuwa jina litakaporukwa, na njia nzima nilikuwa natabasamu ndani ya barakoa.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani imefunikwa, redio iko juu yake, inatoa muziki wa kabla ya vipindi. Bi. Havijawa alikuwa ameoga, amevaa kanga safi, amekaa wima.

"Karibu, Karani. Umekuja wakati mzuri, ndiyo anataka kuanza kuita."

Nikakaa. Nikatia mkono mfukoni, nikaishika ile fomu. Nikamwuliza kwa nini aliacha kuja ofisini.

"Nilikuwa nakuja kuomba atolewe," alisema. "Nilikuwa mjinga, nilidhani uchungu unatoka redioni. Kisha watu wa hapa wakaanza kunihurumia. Mimi mtaani sikuwa na jina lingine ila Mama Mwajabu, miaka kumi. Wakaona wakiniita hivyo wanatonesha kidonda. Sasa ni Bi. Havijawa. Bi. Havijawa, za asubuhi. Bi. Havijawa, nipunguzie urefu. Wamewakanya na watoto wao. Rafiki zake wakinipita wananyamaza kimya, wamefundishwa. Wana adabu sana, siwalaumu." Akairekebisha redio kidogo. "Nikaja kugundua duniani kote amebaki mtu mmoja tu anayelitaja jina la mwanangu. Na huyo mmoja naye wamemzika. Lakini kila siku saa mbili anamwita, hajakosa. Basi nikaanza kumwitikia."

"Unamwitikia?"

"Nasimama, nasema, nipo, mwalimu. Asije akaandikwa mtoro."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Muziki ulikuwa bado unaendelea, muda ulikuwepo wa kutosha. Sikusema. Nilikuwa nawaza labda Sadala alikosea, vijana wa siku hizi hukosea sana, labda kwa mara ya kwanza katika wilaya yetu uzembe ungemsaidia mtu.

Mwalimu Benedikta akaanza. Wavulana walitangulia. Kisha wasichana, Asia, Dafroza, Hawa. Mama alikuwa anazifuata kwa midomo, orodha yote anaijua. Alipoitwa Mtumwa Shehe, Bi. Havijawa akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaiweka mikono nyuma kama wanavyosimama wanafunzi.

"Vizuri, keti," alisema mwalimu. "Nasra Teweli."

Mama hakukaa. Alisimama hivyo hivyo kwa Nasra, kwa Pili, kwa Rehani, kwa Tausi, mpaka kwa Zamda, wa mwisho. Kengele ikalia, somo la hesabu likaanza, sehemu, nusu jumlisha robo.

"Leo kamruka," alisema. Alinitazama kama vile mimi ndiye ninayeshika daftari. "Labda hakumwona."

Nikamweleza. Sikumbuki nilivyoanza. Nilimwambia kuhusu Wiki ya Kuwasikiliza Wananchi, na kamati, na kwamba ombi lake lilikuwa la kwanza kutekelezwa katika wilaya. Alisikiliza yote. Akasema, "Mrudisheni basi. Naandika barua nyingine sasa hivi."

"Nakala zote zimefutwa."

"Mwalimu aite upya."

Alikumbuka mwenyewe, nikamwona anakumbuka. Akaketi, polepole, na redio ikaendelea kuuliza watoto nusu na robo ni ngapi, ikinyamaza kusubiri majibu.

Baada ya muda akaninyooshea mkono. "Kuna karatasi umekuja nayo. Umeishika mfukoni tangu umeingia."

Nilimwambia si lazima, naweza kuirudisha hivi hivi. Akasema nisije nikapata matatizo kazini kwa ajili yake, nilikuwa nimehangaika sana. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Akaisoma fomu mstari kwa mstari, bila sauti. Penye "Umeridhika au umeridhika sana" hakuandika kitu. Penye jina la mwombaji aliandika kwa herufi kubwa, taratibu, akikaza kalamu mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha akanipa, akafunua cherehani, akaanza kushona.

Niliipeleka ofisini mchana ule. Mheshimiwa Kwilasa aliitazama, akanirudishia. Alisema haiwezi kwenda Wizarani namna ile. Kwanza, mwombaji ameandika "Mama Mwajabu", na hilo si jina la kisheria. Pili, tumekagua rejista zote tangu mwanzo wa mwaka, na katika wilaya hii hatujawahi kuwa na mwanafunzi anayeitwa Mwajabu. Nirudi Kichangani nikamsainishe upya, aandike jina lake sahihi.

Mheshimiwa ameniandikia barua mara tatu sasa, ya mwisho ina wino mwekundu. Sijarudi.